Sura ya Tisa: Propela Isiyo na Kovu

Duka la Manasseh Nyangate lilifunguliwa Jumapili hiyo kwa funguo za polisi, mwenyewe akisimama nyuma na pingu mikononi. Inspekta Edinah Nyakerario alitangulia kuingia, akikanyaga vipande vya kioo ambacho umati ulikuwa umekivunja jana yake. Ndani mlinuka grisi na mpira mpya. Palikuwa na pampu za maji, jenereta na misumeno ya kukatia miti, na kwenye ukuta wa mwisho propela za mashine za boti zilitundikwa kwenye misumari, safi, kama sufuria za mama anayejivunia jiko lake.

Mgeni angeuliza propela zinatafuta nini Keroka, mji wa malori na ndizi, ambako maji mengi ni yale yanayoanguka kutoka mbinguni. Edinah hakuuliza. Watu wa milimani walikuwa wameanza kuteremka ziwani na mali yao, na Fred Masese wa Manga alikuwa wa mbele kati yao. Alibeba ndizi kwa lori hadi Homa Bay, kisha akazivusha visiwani kwa boti yake mwenyewe. Biashara ilimkubali. Halafu Jumapili moja upepo ukamkuta katikati ya maji, mashine ikanguruma bila kusukuma, boti ikageuka ubavu na kupinduka. Mtu wake wa kupakia mizigo aliokolewa na wavuvi. Fred alirudi Manga ndani ya jeneza.

Mtaalamu aliyekagua mashine hiyo hakuzunguka mbuyu. Alisema propela haikufaa kwa boti yenye mzigo. Aliyeiuza na kuifunga alijulikana, basi Manasseh akakamatwa jana yake, siku ya Sabato, mlangoni pa kanisa, Biblia ikiwa bado kwapani. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia, na vijana wa stendi walikuwa wamekwisha kuapa kwamba, korti isipomfunga, wao watalichoma duka. Edinah alikuwa na siku hii moja tu, na moyo wake haukuwa umetulia.

"Nionyeshe ulivyomchagulia," alisema. "Kama vile mimi ndiye Fred."

Usiku mmoja wa seli haukuwa umempunguzia Manasseh maringo. Alijinyoosha, akateremsha propela moja kwa mikono yote miwili, akamwekea Inspekta kifuani.

"Shika, madam. Unaangalia nini?"

"Mapanga."

"Kila mtu anaangalia mapanga, kwa sababu ndiyo yanang'ara. Mimi naangalia tundu kwanza." Aliigeuza. Ndani ya tundu la katikati kulikuwa na meno madogo ya chuma yamezunguka. "Haya meno yasipoingiana na ya shafti ya mashine yako, hayo mapanga mazuri utafanyia nini? Utapikia? Ukishafunga propela kwa mkono wako hata mara moja, hiyo tabia haikutoki. Mimi hata nikiona feni kwa duka la mtu, nachungulia katikati. Mama watoto ananicheka."

"Sawa. Tundu limekubali. Halafu?"

"Halafu namba." Aliinamisha kichwa kuonyesha palipopigwa chapa. "Hii ni kumi na moja. Maana yake ikizunguka mara moja inataka kusonga mbele inchi kumi na moja, vile parafujo inaingia kwa mbao. Ile nyingine pale ni kumi na tano. Hiyo inaruka zaidi."

"Basi ya kumi na tano ndiyo bora."

"Kama boti ni tupu, ee. Itateleza juu ya maji mpaka kofia yako ipotee. Lakini weka mzigo sasa."

Edinah aliipima propela mkononi. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Utotoni alipanda naye mara nyingi milima hii, mzigo wa ndizi nyuma, na alijua sauti ya injini inapolazimishwa kupanda kwa gia isiyo yake. Inalia, inatetemeka, inapata moto, na lori linakaribia kurudi nyuma.

"Ni gia," alisema. "Kumi na moja ni gia ya mlimani. Kumi na tano ni ya barabara tambarare."

"Sasa tunaongea," Manasseh akasema, karibu atabasamu. "Fred alikuja na picha kwa simu, boti imejaa ndizi mpaka mdomoni. Sikumwuliza mara mbili. Nikampa kumi na moja, nikateremka naye mimi mwenyewe mpaka ziwani, tukapakia mzigo wake wa kila siku, tukaifungulia mashine mpaka mwisho. Mizunguko yake ikafika pale kiwanda kimesema ifike. Haikukwama, haikupitiliza. Hivyo ndivyo propela inachaguliwa. Inapimwa na mzigo wako, haipimwi na macho."

Edinah alimpa ishara Konstebo Linda, askari kijana aliyekuwa mlangoni, naye akafungua mfuko wa vielelezo. Akatoa propela iliyotolewa kwenye mashine ya marehemu. Chapa yake ilisomeka vizuri kabisa. Kumi na tano.

"Na hii?"

Manasseh aliichungulia tundu kabla ya kitu kingine chochote. "Inaingia kwa mashine ya Fred. Lakini si mimi nilimpa."

"Mnaouza hizi ni wengi?"

"Kisumu imejaa hizo. Mimi pia ninazo, sikatai."

"Siku ya ajali aliongea na wewe. Simu yake inaonyesha."

Hapo maringo yalimwisha. Manasseh alikaa juu ya sanduku la jenereta, pingu zikagonga bati. "Alinipigia asubuhi, akitoka ufukweni. Akasema mashine inalia vibaya, haipandi. Nikamwuliza kama ni magugu yamejifunga. Akasema ameangalia, hakuna. Nikamwambia apunguze mzigo, akasema upepo ukizidi atapunguza." Aliitazama sakafu. "Sikuuliza propela, madam. Propela niliifunga mimi. Ningeulizaje kitu nimefunga kwa mkono wangu?"

Jibu lilikuwa likijipanga kichwani mwa Edinah. Alipitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa kila panga la ile propela. Ulikuwa laini.

"Ufukwe wa Fred ukoje? Mchanga?"

"Mchanga wapi? Mawe. Ukitia nanga pale wiki moja tu, propela inaota meno kama msumeno. Ile yangu ilikuwa imejaa makovu. Nilikuwa nimemwambia ailete niinyooshe."

"Ukamwambia lini?"

"Kabla ya makambi ya kanisa kule Ikonge. Siku chache tu kabla ya ajali."

Edinah aliirudisha propela mfukoni. Kwenye gari Linda alipendekeza kwamba huenda mwizi aliiba ile ya zamani. Lilikuwa wazo la haraka, na Edinah alilipa heshima ya kulifikiria kabla ya kulitupa.

"Mwizi huacha shafti tupu, Linda. Mwizi gani anachukua kitu kibovu na kukuachia kipya? Fred alifanya kazi miezi na miezi bila kulalamika. Siku moja tu ndiyo amepiga simu, na siku hiyo hiyo amekufa. Propela ilibadilishwa muda mfupi kabla ya safari. Aliyeibadilisha alitaka boti iende mbio, na iende tupu. Sasa niambie, boti ya Fred ilikuwa tupu lini?"

 Gari lilishika barabara ya Manga.

* * *

Nyumba ya Fred ilikuwa juu kwenye ukingo wa mlima, migomba mbele, chai nyuma, na kaburi bado na udongo mwekundu usiokauka. Orpah, mjane, alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko. Mdogo wa marehemu, Thadeus Masese, ndiye aliyewapokea. Tangu msiba alikuwa akilala kwenye boma hilo na kumsaidia shemeji yake kwa kila kitu, na huko Keroka ndiye aliyepaza sauti kuliko wote jina la Manasseh lilipotajwa. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Edinah alimwonea huruma, akaifungia huruma hiyo mahali pake.

"Bwakire, mama."

"Bwakire, Inspekta. Kaa hapa. Hakuna chai tayari, utanisamehe."

"Nataka tu unieleze boti ilivyokuwa ikifanya kazi. Siku gani na siku gani."

"Ilikuwa inatembea Jumapili jioni mpaka Alhamisi," Orpah alisema. "Ijumaa Fred anarudi nyumbani kujitayarisha. Sabato boti inalala. Alikuwa mzee wa kanisa, hangegusa kazi jua likishazama Ijumaa."

"Kwa hiyo Sabato nzima imefungwa ufukweni, na wenyewe mko kanisani huku."

"Ndiyo."

"Lakini ile Jumapili ya ajali alikuwa majini asubuhi."

"Ilikuwa Sabato ya mwisho ya makambi. Tulikuwa Ikonge sisi wote. Jua lilipozama tu akasema ndizi zimeanza kuiva kwa lori, hawezi kungoja mpaka kesho mchana. Akaondoka kutoka huko huko. Hata nyumbani hakupita."

Edinah aliinamisha kichwa. Hilo lilikuwa la kuwekwa akiba. "Jambo moja linanisumbua. Mlinzi wa ufukweni ameniambia Fred alikuwa akimwagiza ajaze tangi la boti kila Ijumaa. Boti italala Sabato, haitaondoka mpaka Jumapili jioni. Mafuta ya Ijumaa ni ya nini?"

Orpah aliokota kitu kwenye sketi yake, kitu ambacho Edinah hakukiona. "Yalikuwa mazoea yake," alisema.

"Inspekta, pole, lakini haya maswali ni ya nini?" Thadeus aliingilia. "Mwenye alimuua ndugu yangu mko naye ndani. Mambo ya mafuta inaingilia wapi?"

"Labda haiingilii popote. Wewe ulikuwa unamsaidia kwa boti?"

"Mimi? Yaya, hapana. Hiyo mashine sijawahi kuigusa. Fred hakuwa anataka mtu aguse. Alikuwa anasema mimi bado."

"Na hiyo Sabato ulikuwa wapi?"

"Makambi. Uliza mtu yeyote."

Ndiyo shida ya makambi, Edinah aliwaza. Uwanja mzima wa Ikonge umejaa mahema, kwaya moja inaingia na nyingine inatoka, na kila mtu ana hakika amemwona kila mtu. Ukimuuliza mmoja atasema ndugu Thadeus alikuwa hapa, kwa sababu ndugu Thadeus huwa hapa. Haukuwa uongo. Ilikuwa ni imani tu.

Alisimama akajipangusa. "Mchana naomba mje kituoni, wewe na mama. Kuna vitu vya marehemu vya kuchukua. Vimechanganyika na vya duka, mtatusaidia kutenganisha."

* * *

Walifika jua likiwa bado kali. Orpah alikaa kwenye benchi la nje, dirisha la ofisi likiwa juu ya kichwa chake. Edinah aliliacha wazi, na alijua analiacha wazi. Thadeus aliingia ndani, Linda akafunga mlango.

Juu ya meza palikuwa na propela tatu, zote za rangi moja nyeusi, zote zina ukubwa unaokaribiana. Moja ilikuwa ile ya kumi na tano iliyotoka majini. Ya pili ilikuwa kumi na moja, mpya, kutoka ukutani kwa Manasseh. Ya tatu Edinah aliichukua pale pale dukani, ya mashine ya kampuni nyingine kabisa.

"Moja hapa ni ya Fred," alisema. "Unaweza kututambulishia?"

"Nimekwambia mimi sijui haya mambo."

"Najua. Jaribu tu. Labda uliiona ikiwa nje ya maji."

Thadeus alisita, kisha akainua ile ya kampuni nyingine, kwa kuwa ilikuwa karibu naye. Hakuyatazama mapanga. Aliigeuza kwa mkono mmoja, mwepesi, akachungulia tundu, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya ndani.

"Hii siyo," alisema, akaisukuma kando. "Hii hata haiwezi kuingia."

Linda aliacha kuandika. Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Haiwezi kuingia wapi, Thadeus?"

"Kwa mashine."

"Mashine ambayo hujawahi kuigusa."

Alibaki na mkono hewani. Edinah hakumharakisha. Miaka yake ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akifika hapo ukimsukuma atarudi nyuma, ukimwacha atavuka mwenyewe.

"Nitakueleza ninavyoona mimi, nikikosea unirekebishe," alisema kwa sauti ya chini. "Kila Sabato boti ilikuwa tupu na wenyewe wako kanisani. Wewe ukawa unateremka ziwani. Ulikuwa na propela yako, hii ya mbio. Ukifika unafungua ya Fred, unaweka yako. Ukimaliza unarudisha, na Jumapili jioni yeye anakuta kila kitu mahali pake. Ni hivyo?"

"Kuna vijana walikuwa wanatoka mjini," Thadeus alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Wanataka tu kupelekwa mbio majini, waone visiwa, wapige picha. Na propela ya ndizi boti inatembea kama ng'ombe. Nikanunua hiyo." Aliigusa ile ya kumi na tano kwa ncha ya kidole. "Ukiifungulia, madam, boti inainuka. Inakuwa ni kama maji haiko. Fred alikuwa ananiambia mimi bado. Hapo nilikuwa nimefika."

"Na hiyo Sabato ya makambi?"

"Tulichelewa kurudi. Giza likaingia, na nati haifunguki vizuri kwa giza. Nikasema nitarudisha asubuhi, si Fred anakuja mchana? Ile ya zamani nikalala nayo kwa begi." Aliondoa kidole kwenye propela. "Asubuhi nikaenda ufukweni na spana kwa mfuko. Nikakuta lori. Walikuwa wanamaliza kupakia."

"Alikuona?"

"Hapana. Nilisimama nyuma ya ile nyumba ya samaki."

"Ulikuwa umbali gani na yeye?"

"Ningemwita angesikia."

 Edinah alikuwa amewahoji wauaji wa panga na wa sumu. Huyu hakuwa mmoja wao, na bado hakujua amweke wapi.

"Kwa nini hukumwita?"

"Ningesema nini? Ni mzee wa kanisa. Ningemwambia, nimekuwa nikifanyia boti yako biashara siku ya Bwana, na jana nimesema niko makambi? Mbele ya wale watu wake?" Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilimwona akipiga simu. Nikasema moyoni, itaenda polepole tu. Ataona haiendi, atarudi, nitabadilisha akiwa anakunywa chai. Nilidhani itaenda polepole, madam. Nikasimama pale mpaka boti ikawa ndogo."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nyumbani. Kwa shimo la kuivishia ndizi, chini ya majani."

"Na Manasseh? Kesho angesimama kizimbani kwa ajili yako."

Thadeus alitikisa kichwa. 

Edinah alimwagiza Linda apige simu kwa kiongozi wa mashtaka, amfungue Manasseh pingu, kisha apeleke gari Manga likachukue propela yenye makovu. Sheria ingemwita Thadeus kwa jina gani, hilo lingejadiliwa na wenye kofia kubwa kuliko yake. Kazi ya leo ilikuwa imekwisha. Alitarajia kusikia nafuu ndani yake, akaona haipo.

Mlango ulifunguliwa kabla Linda hajaufikia. Orpah alikuwa amesimama kizingitini, kitenge amekikaza mabegani, na uso wake ulionyesha kwamba dirisha lilikuwa limemfikishia kila neno.

Thadeus aliinuka. "Shemeji."

"Kaa," Orpah alisema. Alikuja mezani, akazitazama zile propela tatu, yeye aliyekuwa akilala na kuamka na jina la kitu hiki bila kukijua sura. "Ni ipi?"

Edinah alimwonyesha. Orpah aliligusa panga moja, akauondoa mkono.

"Hii hakujua," alisema. "Hiyo nyingine alijua."

"Nyingine ipi, mama?" Edinah aliuliza.

"Kwamba huyu alikuwa anateremka ziwani kila Sabato. Watu wa ziwani walimwambia Fred zamani. Nilimsihi amkemee, akakataa. Akasema huyu ni mdogo wangu, atakuja kuniambia mwenyewe, na akija asikute nimekasirika. Akaniapisha nisimwambie mtu." Aliongea na Inspekta lakini macho yake hayakumwacha Thadeus. "Hiyo ya makambi sikuijua. Nilijua uko Ikonge, Thadeus. Nilikutafutia hata nafasi ya kukaa."

Thadeus alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Umeniuliza mafuta ya Ijumaa, Inspekta, nikakwambia ni mazoea," Orpah aliendelea.  "Fred alikuwa anajaza tangi Ijumaa kwa sababu aliogopa huyu ataishiwa mafuta katikati ya maji."